Nahisi muuza tiketi za kukwangua ananiibia, na ushahidi ninao kwenye daftari

Mjomba shikamoo.

Naomba uisome hii mpaka mwisho maana najua ni ndefu na sijui hata pa kuanzia. Mi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili, kazi ninayo, sinywi, sivuti, starehe yangu ni moja tu, tiketi za kukwangua. Nilianza taratibu, moja moja siku ya mshahara, naikwangua kwa ufunguo wa nyumba nikiwa nimesimama pale pale nje, ikigoma nacheka naondoka zangu. Sasa hivi nachukua tatu nne kwa siku, siku nyingine zaidi. Mke wangu anajua nacheza ila hajui ni kwa kiasi gani.

Shida yangu ni muuzaji. Nanunua kwa mtu huyo huyo huu mwaka wa pili, ananijua kwa jina, nikiingia tu ashainama kwenye kaunta. Zamani roli zote zilikuwa kwenye lile boksi la kioo, unaona kabisa tiketi inayofuata ni namba ngapi, unamwambia nipe hiyo. Siku hizi kuna roli nyingine anaziweka chini ya kaunta, mi naona mkono wake unashuka unapanda na tiketi. Mwezi uliopita nikachukua tiketi namba 014, nikaikwangua hapo hapo, hamna kitu, nikasema nipe nyingine ya roli hiyo hiyo, akanipa 016. Nikamuuliza 015 iko wapi, akacheka akasema ilichanika bosi. Ilichanika ikaenda wapi? Tiketi ikichanika inatupwa? Nilikwangua hiyo 016 nayo ikagoma, ila sikuitupa, ninayo mpaka leo.

La pili, kuna moja nilifika nayo nyumbani kabla sijaikwangua, nikaigeuzageuza chini ya taa nikaona kwenye kona ya ile rangi ya fedha kuna mkwaruzo mdogo sana kama wa ncha ya sindano. Nilipiga picha na simu ila haionekani vizuri.

La tatu ni zile za maneno, unakwangua herufi halafu unazitafuta kwenye fumbo. Zile mimi macho yananichanganya kwa hiyo namkabidhi yeye azicheki kwenye mashine. Anaiskani, skrini imemwangalia yeye, ananiambia hamna kitu bosi, anaichana anaitupia kwenye ndoo. Kuna siku mashine ilitoa mlio ambao sijawahi kuusikia, nikamuuliza vipi, akasema mtandao unasumbua. Na juu ya hayo watu wanasema mtoto wa dada yake alishinda hela ya maana mwaka jana.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Siku 60, tiketi 212. Zilizoshinda ni 51 tu! Na katika hizo 51, 33 zimenirudishia bei ya tiketi basi, 12 mara mbili ya bei, 5 mara tano, na moja ndo ilinipa mara arobaini, siku hiyo nililala vizuri. Nyuma ya tiketi ninazochukua wameandika nafasi ya kushinda ni 1 kati ya 4 na kitu, sasa mbona mi kila siku natoka mikono mitupu na kuna watu nawaona wanachukua moja tu wanashinda?

Halafu mjomba hapa usinicheke, siku hizi kuna siku sina hata hamu ya kucheza ila naenda kununua ili nimkamate. Nasimama upande ambao naweza kuona mkono wake. Nanunua, naangalia namba, naandika.

Mke wangu alilikuta daftari wiki iliyopita akadhani ni madeni. Nikamweleza nusu. Akasema kama unaona anakuibia si uache kwenda kwake? Nilipandwa na hasira sijui hata kwa nini, tangu hapo hatuongei vizuri.

Naomba unisaidie. Ananiibia au haniibii? Nimripoti, nimwashie moto mbele za watu, au nihamie kwa muuzaji mwingine?

Mimi mkwanguaji niliyechoka.

*

Marahaba mpwa wangu. Nimeisoma yote, na ile sehemu uliyosema nisicheke sikucheka.

Nianze kwa kukwambia kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu mimi, na mimi ujanani nilishakaa nyuma ya kaunta ya hizi tiketi, karibu miaka miwili. Kwa hiyo sitakuja hapa kukwambia wauzaji ni malaika. Wapo wanaoiba. Ila wanapoibia na pale unapopaangalia wewe ni sehemu mbili tofauti, na ndo maana umekaa siku 60 unavizia mkono wa mtu na bado huna jibu.

Tuchukue daftari lako kwanza, maana umeleta hesabu na mi napenda mtu mwenye hesabu. Gawa 212 kwa 51. Unapata 4 na kidogo, yaani 1 kati ya 4 na kitu, ileile iliyoandikwa nyuma ya tiketi! Umepata walichokuahidi karibu kwa kipimo. Sasa jumlisha hela iliyorudi: 33 za bei ya tiketi, hiyo ni bei 33, kumi na mbili mara mbili ni 24, tano mara tano ni 25, na ile moja ya arobaini. Jumla 122. Umetoa bei 212 umerudishiwa bei 122, kwa hiyo tiketi 90 zimeenda. Kwenye kila 100 uliyotoa imerudi kama 57 hivi.

Najua unavyojisikia ukiona hiyo, unaona ni wizi. Mpwa, huo ndo mchezo wenyewe ulivyochapishwa. Neno "kushinda" kwenye ile 1 kati ya 4 limebeba na tiketi zinazokurudishia hela yako mwenyewe, hizo kwako zilikuwa 33 kati ya 51, yaani karibu theluthi mbili ya ushindi wako wote haikukuongezea hata senti. Na asilimia ya hela inayorudi kwa wachezaji, iwe sitini au sabini na kitu kutegemea mchezo, ndani yake kuna zile zawadi kubwa wanazopata watu wachache sana. Ukiziondoa hizo, mchezaji wa kawaida anaishi kwenye hamsini na kitu kama wewe. Hao unaowaona wanachukua moja wanashinda, unawakumbuka kwa sababu walishangilia. Aliyekwangua ikagoma anaondoka kimya, nani atamwandika kwenye daftari? Nilikuwa nawaona kutwa nzima, wengi wao hata hawafungui mdomo, wanaiacha pale pale kwenye kaunta kama vocha iliyoisha.

Ila daftari lako lina matundu mawili na sitakuficha. La kwanza, tiketi 212 ni chache mno kukuonyesha kama kuna mtu anachomoa zawadi kubwa, maana zawadi kubwa hata bila wizi pengine usingeiona moja kwenye hizo 212. Kwa hiyo daftari linasema tu kwamba zile ndogondogo zinakufikia kama kawaida, halisemi zaidi ya hapo. La pili ndo limenishtua. Zile tiketi za maneno unazompa akucheki, uliandika nini kwenye daftari? Uliandika alichokwambia yeye. Hujawahi kuona mwenyewe. Kila tiketi ya maneno uliyompa ikaishia kwenye ndoo, hiyo siyo rekodi ya tiketi, ni rekodi ya maneno ya muuzaji.

Na hapo ndo wizi wa kweli unapokaa mpwa, pale kwenye mashine. Anayetaka kuiba kwenye roli anahangaika, tiketi zimefunikwa, zina namba, hajui ipi ina nini. Lakini ile ambayo wewe mwenyewe umeshaikwangua ukamkabidhi, yeye anaskani, skrini inamwambia kila kitu na wewe uko upande wa pili unasubiri akupe habari. Anasema hamna kitu, unasema asante, unaondoka, na tiketi imebaki kwake. Au anakwambia umeshinda ndogo, anakupa hela yake mfukoni, ile kubwa anaenda kuidai yeye au anamtuma mtu. Hata ile kuchana anaweza kuchana tiketi nyingine kabisa, mikono ya mtu aliyezoea kaunta ni miepesi.

Hii siyo hadithi ya kijiweni. Huko Canada, jimbo la Ontario, mwaka 2001 kuna mzee alipeleka tiketi yake kucheki, siyo ya kukwangua, ilikuwa ya namba, na zawadi yake ilikuwa dola 250,000, ikaja kudaiwa na wenye duka. Mzee wa watu akahangaika miaka mpaka kipindi cha The Fifth Estate cha televisheni ya CBC kikalitoa jambo hilo hadharani mwaka 2006. Wakampa kazi mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Toronto anaitwa Jeffrey Rosenthal apige hesabu ya zawadi kubwa kuanzia dola 50,000 kwenda juu, tangu 1999 mpaka 2006, akakuta wauzaji wa tiketi wameshinda karibu mara 200 wakati kwa jinsi walivyokuwa wengi na wanavyocheza walitakiwa kushinda kama mara 57. Mwaka uliofuata mchunguzi wa malalamiko ya umma wa jimbo, André Marin, akatoa ripoti nzito kuhusu shirika lenyewe la bahati nasibu, na mambo mengi yakabadilika, skrini zikageuzwa zimwangalie mteja, mashine za kujicheki mwenyewe zikawekwa, watu wakaambiwa wasaini tiketi kabla hazijachekiwa. Kuna nyingine ya huko huko, tiketi ya mwaka 2003 ya dola milioni 12.5, ilidaiwa na familia ya muuzaji, wenyewe halisi, mafundi ujenzi waliokuwa wanachanga pamoja, wakaja kulipwa 2011, na watu wa ile familia wakakutwa na hatia mahakamani 2018. Miaka 15 mpwa! Na yote ilianzia pale pale unaposimama wewe, mtu kakabidhi tiketi yake kaunta akaamini alichoambiwa.

Kwa hiyo ule mlio uliousikia siku ile ndo kitu pekee kwenye barua yako kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mashine nyingi zina mlio wake wa tiketi iliyoshinda, zimetengenezwa hivyo makusudi ili mteja asikie hata kama haoni skrini. Inawezekana kweli mtandao ulisumbua, mi sikuwepo. Lakini siku hiyo ulitakiwa unyooshe mkono useme naomba tiketi yangu. Tiketi ni yako hata kama haina kitu, na muuzaji anayekataa kukurudishia tiketi iliyogoma ana maswali ya kujibu, ya nini kuing'ang'ania karatasi isiyo na thamani?

Sasa ule mkwaruzo wa sindano. Huu nao upo, wauzaji wamekamatwa sehemu kadhaa Marekani kwa mchezo huo. Zamani chini ya ile rangi kulikuwa na herufi ndogo tatu zilizotawanywa, zinamsaidia muuzaji kujua umeshinda kiasi gani haraka haraka bila kukutafutia miwani, sasa aliyezijua alikuwa anachokoa vitundu viwili vitatu kwa sindano, anazisoma, zenye hela anabaki nazo, zilizogoma anarudisha kwenye boksi uje uchukue wewe. Ndo maana michezo mingi ikahamia kwenye bakodi ya mraba iliyofichwa chini ya rangi, mpaka uikwangue yote ndo mashine inasoma, na mtu akiichokoa yote inaonekana kabisa. Ila mkwaruzo mmoja kwenye kona mpwa unaweza kutokana na chochote, zile tiketi zinasafiri kwenye maboksi, zinakunjwa, zinasuguana, na mimi mwenyewe kucha zangu zilishakwaruza nyingi tu wakati nazivuta. Unachotakiwa kutafuta ni vitundu pale kwenye bakodi au pale kwenye alama za zawadi, viwili au zaidi, na kwenye tiketi zaidi ya moja. Tena angalia kabla hujalipa, iegemeze pembeni mwanga upite juu yake, ukiona kitu sema hii sitaki nipe nyingine. Ukishafika nayo nyumbani imekuwa neno lako na neno lake.

Namba 015 nayo nikupe ninavyoijua. Muuzaji anaweza kuruka namba kwa sababu nyingi za kawaida, kuna mteja aliomba namba fulani ya bahati, kuna iliyochanika kweli kwenye mstari wa kukatia (inatokea sana, ila hiyo haitupwi, inarekodiwa na kurudishwa, kwa hiyo jibu la "ilichanika" bado lina nusu yake). Na kuna sababu isiyo ya kawaida sana, kaichukua yeye. Roli nyingi zinapangwa ziwe na idadi fulani ya zawadi ndogo ndani yake, kwa hiyo aliyekaa kaunta anaiona roli ikienda tiketi ishirini bila mtu kushinda, anajua zile ndogo ziko mbele, anasubiri wewe na wenzako muikaushe halafu yeye anaingia mwishoni. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kazi yake ndo hiyo, alikuwa anajua roli zote kwa kichwa kuliko watoto wake. Kwingine sheria za mchezo zinaruhusu muuzaji kucheza, kwingine zimembana, soma za huko kwako. Siyo wizi kama ule wa kwenye mashine lakini siyo uungwana, maana yeye anaona karata na wewe huoni. Ila usidhani anatajirika, anavizia zile zile ndogo za mara moja mara mbili, yule mwenzetu alikuwa anakopa nauli.

Kidogo nitoke nje ya mada, kuna jambo linanifurahisha sana kwenye hizi tiketi. Mwaka 2003 jamaa mmoja wa Toronto, Mohan Srivastava, kazi yake takwimu za miamba na machimbo, alipewa tiketi ya kukwangua kama utani, ile ya michoro ya tic-tac-toe, mchezo wa kupanga alama tatu kwenye mstari mmoja, yenye namba zinazoonekana kwa nje. Akakaa akawaza, hizi namba lazima kompyuta imezipanga kwa kufuata kitu, akagundua kwamba ukitafuta zile namba zinazotokea mara moja tu kwenye tiketi nzima, zikiwa tatu kwenye mstari mmoja, tiketi hiyo karibu kila mara ina hela. Bila kukwangua! Akapiga hesabu akaona kuzunguka kutafuta hizo tiketi kungemlipa pungufu ya kazi yake, akaona upuuzi, akawaambia wenye mchezo. Mwanzoni hawakumjali, akawatumia tiketi 20 ambazo hazijakwanguliwa, kazigawa mafungu mawili, zilizoshinda na zilizogoma, wakazikwangua wakakuta amekosea moja tu. Mchezo ukatolewa sokoni. Sasa fikiria muuzaji angelijua hilo kabla yake, roli nzima iko mbele yake na nafasi ya kuchagua anayo. Kwa hiyo usipende michezo yenye namba au alama nyingi za kuonekana kwa nje, hilo ni la bure nakupa.

Ya mtoto wa dada yake sina la kusema, "watu wanasema" siyo ushahidi. Ila kama ungesikia huyo kijana anashinda kila mwezi, hiyo ingekuwa habari nyingine. Massachusetts huko Marekani mwaka 2022 baba na mwanawe walitiwa hatiani, familia yao ilikuwa imepokea zawadi za tiketi zaidi ya 14,000, dola milioni 20 na ushee, na hawakuwa na bahati yoyote wala hawakukwangua hizo tiketi, zilikuwa zinanunuliwa kwa bei pungufu kutoka kwa washindi waliotaka kukwepa kodi na madeni, na wenye maduka wanakula chao katikati. Kushinda mara moja kunatokea kwa mtu yeyote, hata kwa mpwa wa muuzaji.

Kuna la mwisho la mchezo wenyewe ambalo hukuliuliza na linakuhusu zaidi ya sindano. Zawadi kubwa ya kwenye tangazo inaweza kuwa imeshachukuliwa na tiketi bado zinauzwa. Hiyo siyo ya muuzaji, ni ya waendeshaji. Virginia huko Marekani profesa mmoja aliishtaki bahati nasibu ya jimbo mwaka 2008 kwa jambo hilo hilo, watu wananunua jakipoti ambayo haipo tena. Sehemu nyingi sasa wanatangaza zawadi zilizobaki kwa kila mchezo. Angalia orodha hiyo kabla ya kuchukua mchezo wowote, na ukikuta zile kubwa zimeisha basi unanunua nini?

Sasa nini cha kufanya. Kumwashia moto mbele za watu hapana kabisa. Huna ushahidi wa kumwita mtu mwizi kwa jina, unaweza ukajikuta wewe ndo unashtakiwa, na kama kweli ni mwizi utakuwa umemshtua aache kwa wiki tatu kisha aendelee na mwingine asiyejua kuhesabu. Nenda kwa waendeshaji wa mchezo, namba yao iko nyuma ya tiketi. Wao wana kitu ambacho wewe huna, kila roli ina namba, wanajua ilipelekwa kwa nani, iliamshwa lini kuuzwa, na tiketi ipi ilidaiwa hela, saa ngapi, kwenye mashine ipi. Wakitaka kujua kama 015 ilichanika au ilikwanguliwa wanaangalia tu. Ule mlio nao, kama unakumbuka siku na saa hata kwa kukisia, mashine imeandika kilichotokea. Waambie ulichoona tu, usiwaambie unachohisi. Sema "nilipewa 014 kisha 016", usiseme "huyu ni mwizi".

Na kuanzia leo, kama utaendelea kucheza, sitakukataza maana wewe ni mtu mzima, hakuna tiketi inayokwenda kaunta bila jina lako na saini nyuma, kwa kalamu ya wino. Zile za maneno zicheki mwenyewe kwa ile mashine ya wateja au programu ya simu kama waendeshaji wako wanayo, na kama hawana, simama skrini uione, na tiketi irudi mkononi mwako ikiwa imeshinda au imegoma. Au acha kuzinunua hizo za maneno, mchezo usioweza kuujua mwenyewe kama umeshinda wa nini?

Nimebakisha lile la kununua ili umkamate. Nilirudi nikasoma hapo mara tatu. Wewe ulianza na tiketi moja siku ya mshahara, ikigoma unacheka. Sasa una tatu nne kwa siku na kicheko hakipo tena, unazichunguza. Mwenye akili timamu akiamini kaunta fulani inamwibia haendi tena, na mkeo alisema hivyo hivyo kwa maneno machache kuliko mimi, ukakasirika. Ulikasirika kwa sababu ukiacha kwenda hutakuwa na sababu tena ya kununua, na shaka imekuwa tiketi yako ya kuingilia. Ikigoma, ni yeye kaiba, kwa hiyo kesho unarudi. Ikishinda, umemshinda mwizi, kwa hiyo kesho unarudi. Tena tiketi zenyewe zinasaidia, si unazijua zile zinazokuonyesha alama mbili za jakipoti na ya tatu inakosa kidogo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, waliandika kwamba kukosa kidogo namna hiyo kwenye tiketi za kukwangua kunamkera mtu na kumsisimua na kumtia hamu ya kuendelea kuliko kukosa kwa kawaida, na hela inayopotea ni ile ile. Wewe umeongeza na muuzaji juu yake.

Sijakuita mraibu, sijakuona. Lakini tiketi 212 kwa siku 60, unamficha mkeo, unaenda hata bila hamu, na ukiguswa unawaka, hayo manne ukimpelekea mtu yeyote anayeshughulika na kamari atavuta kiti. Jipime hivi, kaa wiki mbili bila kukwangua hata moja wakati waendeshaji wanachunguza. Huhitaji kununua ili kesi yako iendelee, ushahidi ulionao unatosha. Ukiweza wiki mbili bila kuhangaika, vizuri. Ukishindwa siku ya nne ukajikuta umesimama pale "kuangalia tu", tafuta mtu wa kuongea naye anayeshughulika na mambo haya, sehemu nyingi waendeshaji wenyewe wanaweka namba ya msaada kwenye tiketi, karibu na ile ya malalamiko.

Mkeo mpe daftari lote. Nusu uliyomweleza ndo iliyomfanya aone kuna nusu nyingine. Mwonyeshe ile hesabu ya 212 na 122, mkae nayo pamoja, ataelewa haraka kuliko ulivyodhani, tena pengine atakuonyesha kitu ambacho mimi na wewe tumekipita.

Na ile tiketi 016 usiitupe mpwa, wala usiipeleke tena pale kaunta. Ina namba ya roli pembeni, waendeshaji wataiuliza hiyo kabla hawajakuuliza jina lako.